Kwa nini taa nyekundu kali haing'oi elektroni

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini taa nyekundu, hata iwe kali vipi, haing'oi elektroni kwenye metali ya potasiamu. Linakutatiza kwa sababu unaujumlisha mwanga kama maji ya ndoo. Mwanga hutoa nishati yake kipande kwa kipande, yaani fotoni, na elektroni moja kwa kawaida humeza fotoni moja tu. Kuing'oa kwenye potasiamu kunataka kama elektronivolti 2.3 (elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nishati). Fotoni nyekundu ina 1.8 hivi, basi imekwama hapo. Ya urujuani ina kama 3.1: elektroni inachomoka, na ile 0.8 inayobaki ndiyo nishati kubwa kabisa ya mwendo inayoweza kuondoka nayo. Ukiongeza ukali unaongeza idadi ya fotoni, si nishati ya kila moja. Nishati hiyo hutegemea masafa, yaani mwanga unatetema mara ngapi kwa sekunde: E = hf, ambapo E ni nishati ya fotoni, f ni masafa, na h ni namba isiyobadilika ya Planck.

Einstein alilieleza hili mwaka 1905, na Nobel yake ya 1921 ilitaja kazi hii, si rilativiti kama wengi wanavyodhani.

Piga hesabu ya zinki, inayotaka kama 4.3, uone kwa nini hata urujuani unagonga mwamba.