Vizinga vya ndugu: ukisema "ngoja niangalie" umeshakubali

Mleta mada anauliza afanyeje: mshahara unakatika tarehe 10 kwa vizinga vya ndugu, yaani kuombwa hela kila mara, simu zinaita hadi usiku wa manane, na akikataa anaitwa mchoyo.

Mkuu, kinachokumaliza nguvu si hela inayotoka, ni kuamua upya kila simu inapoita. Amua mara moja kwa mwezi, mshahara ukiingia tu, kabla hujasikia shida ya mtu yeyote. Anayepokea 800,000 mkononi anaweza kutenga 80,000 za ndugu akaziweka kwenye laini ya pili. Kama mama anategemea kitu kila mwezi, chake kitoke siku hiyohiyo bila kusubiri apige. Laini ya ndugu ikisoma sifuri, mwezi umefungwa.

Kwenye jibu ndipo wengi wanapoharibu. "Ngoja niangalie" kwako ni kukataa kistaarabu, kwa aliyeomba ni ahadi. Jioni atapiga, na sasa anakudai. "Sina" nayo mbovu: anashuka bei, "basi hata elfu tano", halafu Jumamosi anaiona status yako uko Coco Beach na mishikaki. Maelezo marefu ndiyo mabaya kabisa, maana kila sababu ina jibu lake. Kodi? "Si utamwambia mwenye nyumba akuvumilie." Andika kifupi: "Shikamoo shangazi. Pole sana na hilo. Mwezi huu sitaweza." Akirudia, rudia maneno yaleyale bila kuongeza kitu. Ila salamu isikosekane hata siku moja. Ukiruka shikamoo, kesi inahama kutoka kwenye hela kwenda kwenye adabu, na hiyo huishindi.

Jiandae pia kwamba wiki za mwanzo usumbufu utapanda kabla ya kushuka. Aliyezoea kupata akisisitiza, akikosa husisitiza zaidi kwanza. Saikolojia ya tabia imelieleza hili siku nyingi. Ukilegea kwenye simu ya 6, umemfundisha kuwa bei yako ni simu 6.

Dharura iwe na mlango wake. Mgonjwa akiwa hospitali ya serikali, omba namba ya malipo ulipe moja kwa moja. Ada ya mtoto iende akaunti ya shule. Shida za kuungaunga mara nyingi huishia hapo.

Usiku washa "Usisumbue" kuanzia saa 3 hadi saa 12 asubuhi, ukiruhusu namba za wazazi na anayekaa na watoto wako. Kuna kipengele cha wapigaji wanaorudia ambacho watu hawakioni: kikiwa kimewashwa, kwenye Android mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 simu inalia, kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Mpiga vizinga hupiga mara mbili mfululizo, kwa hiyo kizime.

Makundi ya michango ya harusi: kwenye WhatsApp ingia Mipangilio, Faragha, Vikundi, uzuie watu usio na namba zao kukuingiza. Kuzima tiki za bluu hakukufichi, maana kwenye kundi bado wanaona nani kasoma. Kinachosaidia ni ahadi ndogo unayoilipa kwa mkupuo mmoja. Katibu wa kamati hurusha orodha kila mara: jina, ahadi, alicholipa, baki. Ukiahidi 100,000 ukalipa 30,000, utapigiwa mpaka siku ya sendofu. Ukiahidi 30,000 ukailipa siku hiyohiyo, baki yako inasoma 0 na mweka hazina hana la kukuuliza. Nyamazisha kundi usubiri kadi.