Duara kwanza, kioo baadaye: kununua lenzi pana ya mtumba kwa kamera ya inchi 4 kwa 5

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Sasa msalaba umeuweka wapi?"

Picha niliyompelekea mzee wa kanisa, kule njia ya Machame, ilikuwa safi kuanzia ngazi za mlangoni mpaka dirisha la kengele. Juu ya kengele, giza. Halikuwa wingu wala kivuli cha mti. Lilikuwa giza la mviringo, kama mtu kafunika chungu. Msalaba ulikuwa humo ndani.

Lenzi ilikuwa Angulon ya milimita 90 (ndio urefu wa fokasi: ukiwa mfupi, lenzi inaona pana), f/6.8 (kipimo cha tundu la mwanga: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), ya Schneider wa Kreuznach, Ujerumani. Nilikuwa nimeiagiza mtandaoni kwa dola 140, na wiki tatu nzima nilijisifu kwa wenzangu wa studio hapa Moshi kwamba nimeokota. Kioo kilikuwa kinang'aa, hakina hata mkwaruzo. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, ila gunia nililifunga mwenyewe.

Nieleze kilichotokea, maana ndicho kiini cha habari yote. Lenzi haitupi picha ya mstatili. Inatupa duara la mwanga, na filamu inakaa ndani ya duara hilo. Filamu ya inchi 4 kwa 5 ina eneo la picha kama milimita 96 kwa 120, na ukipima kona hadi kona unapata kama 153. Duara la Angulon ile ya 90, ukiwa umeibana hadi f/22, ni kama 154. Yaani filamu inaenea, lakini kwa shida, kama mtu mzima kwenye kiti cha chekechea. Akijigeuza tu, kaanguka.

Na sisi tunaopiga majengo lazima tujigeuze. Mnara wa kanisa lile unapanda kama mita 18 juu ya usawa wa kamera. Nyuma yangu kulikuwa na migomba na ukuta wa jirani, hivyo sikuweza kurudi nyuma zaidi ya mita 20. Piga hesabu: urefu 18 mara fokasi 90, gawanya kwa umbali 20, unapata 81. Kilele cha mnara kinaangukia milimita 81 kutoka katikati ya duara. Filamu iliyosimama wima ina milimita 60 tu toka katikati hadi ukingoni, kwa hiyo nilipandisha ubao wa mbele wa kamera, ule unaoshika lenzi, kama milimita 24 ili kilele kiingie na kibakishe hewa kidogo. Kamera ilikubali. Lakini nusu ya duara la 154 ni 77. Kati ya 77 na 81 ndipo msalaba ulipozama.

Mbona sikuona kwenye kioo cha nyuma, kile cha kutazamia picha kabla ya kuingiza filamu? Kwenye kamera hizi picha inakaa kichwa chini, pembe za lenzi pana huwa hafifu siku zote, na jua la saa sita lilikuwa linapenya kwenye kitenge nilichojifunika. Nilidhani ni uhafifu wa kawaida. Siku hizi najifunika kaniki mbili, na kabla ya kuingiza filamu napeleka mtu na tochi ya simu mahali ninapotaka paonekane. Nisipoiona tochi, picha haipo.

Kwa hiyo ukitafuta lenzi pana ya zamani, usianze na kioo, wala usianze na f. Anza na duara. Namba ya f inadanganya sana hapa. Angulon ni f/6.8 na duara lake ndilo hilo la 154. Grandagon-N ya Rodenstock, ya 90 vilevile na f/6.8 vilevile, ina duara la milimita 221. Super-Angulon ya Schneider, 90 na f/8, ambayo kwa namba tu inaonekana dhaifu zaidi, ina 216. Nikkor-SW ya Nikon, 90 na f/8, ina 235, sawa na Super-Angulon f/5.6 ambayo ni nzito na inadai filta za milimita 82 badala ya 67. Kwa 216 unaweza kupandisha filamu ya wima kama milimita 36. Kwa 235, kama 47. Mimi nikiulizwa nichague moja kwa kazi ya majengo, nasema Nikkor f/8 kama mfuko unaruhusu. Mimi wangu haukuruhusu.

Halafu soma jina lote. Wauzaji wengi sio wapiga picha, ni watu waliorithi begi la marehemu baba. Anaandika "Angulon" au "Super-Angulon" kadiri alivyoelewa. Omba picha ya pete ya mbele, iliyoandikwa jina, namba ya lenzi na f. Hata kwa macho utazitofautisha: Angulon ni kadogo, kanakaa kiganjani kama kifuniko cha chupa ya chai, Super-Angulon imetuna mbele na nyuma.

Sasa kioo. Omba muuzaji awashe tochi ya simu, aipitishe kwenye lenzi toka nyuma, apige picha akiwa amefungua f yote. Utakachokiona kitakutisha, maana tochi haina huruma, inaonyesha vumbi ambalo filamu haitaliona kamwe. Usibabaike na vumbi. Babaika na nyuzinyuzi zinazotambaa kama mizizi, hiyo ni fangasi. Sisi wa huku tunaijua, masika moja tu kabatini inatosha. Fangasi kidogo ukingoni ni ya kuombea punguzo. Fangasi katikati, achana nayo. Utando wa kijivu unaoenea kioo kizima unaua weusi wa picha, ingawa wakati mwingine unatoka kwa kufuta vizuri kama uko upande unaofikika. Na ukiona doa lenye rangi za upinde wa mvua, kama mafuta ya taa juu ya dimbwi, ujue gundi ya vioo imeachia. Hiyo hapa kwetu haina fundi.

Ila kuna kasoro moja ya kukunufaisha. Lenzi nyingi za Schneider zina vidoa vyeupe kwa ndani, pembezoni, kama chumvi iliyomwagika kwenye sufuria nyeusi. Ni rangi nyeusi ya ukingo wa kioo iliyobanduka. Haiharibu picha, lakini wanunuzi wanaiogopa na bei inashuka. Super-Angulon yangu f/8 ilikuwa imejaa chumvi hiyo, ndiyo maana niliipata kwa dola 190. Picha zake ukiziweka mezani hakuna anayejua.

Shata nayo, ile inayofungua na kufunga mwanga. Watu huuliza kama kasi ya 1/500 ya sekunde inafanya kazi. Mimi huwa nauliza sekunde moja, kwa sababu ndiko ninakoishi. Napiga filamu ya eksirei, ile inayohisi mwanga wa kijani, naikata chumbani chini ya taa nyekundu: karatasi ya inchi 8 kwa 10 inatoa nne, ukipunguza kila upande milimita moja au mbili ili iingie kwenye kishikilia filamu. Ndani ya jengo, f/22, filamu hiyo inakula sekunde kadhaa. Kwa hiyo mwombe muuzaji arekodi sauti ya shata kwa simu, sekunde 1, nusu, robo, hadi huko juu. Ukiifungua sauti hiyo kwenye programu yoyote ya kuhariri sauti, utaona mlio wa kufunguka na wa kufunga, pima katikati yake. Sekunde moja ya kwangu ni 1.4. Nimeandika kwenye plasta pembeni ya lenzi, basi.

Shata ikikwama, usimpelekee fundi saa ukamwambia atie mafuta. Nilifanya hivyo na ile Angulon. Mafuta yalitambaa mpaka kwenye majani ya f, yale yanayobana tundu la mwanga, yakagandana kama kurasa za daftari lililoloa. Fundi hana kosa, alifanya nilichomwambia. Shata hizi zinatakiwa kusafishwa, sio kulainishwa. Afadhali zaidi, vioo vya mbele na nyuma vinafunguka kwa mkono, unaweza kuvihamishia kwenye shata nyingine nzima ya namba ileile, yaani saizi ileile. Angalia tu kama kuna pete nyembamba ya bati kati ya kioo na shata, usiipoteze, na kumbuka kibati cha namba za f kinakwenda na lenzi yake.

Kuna swali la kujiuliza kabla ya yote hayo: unaitaka pana ya nini? Kama ni Kilimanjaro, weka hela mfukoni. Nimewahi kuamka saa kumi na moja kabla mawingu hayajafunga, nikasimamisha 90 barabarani, na Kibo, mita 5,895, ikatoka kama kichuguu chenye unga juu. Mlima unataka lenzi ndefu. Lenzi pana ni ya kanisa, ya stesheni ya zamani, ya ndani ya nyumba za watu, mahali ambapo mgongo wako umeshagusa ukuta.

Kwenye bei, ongeza nauli na ushuru wa forodha kabla hujashangilia, na mwambie muuzaji aandike bei halisi na aweke risiti ndani ya boksi. Boksi langu la pili lilikuwa na risiti, lilipita siku hiyohiyo. La kwanza lilikaa wiki mbili nikibishana bei ya kitu ambacho hakuna aliyekijua, mimi nikiwemo.

Mwisho ni kibao cha kushikilia lenzi. Usinunue, chonga. Shata ya Copal (jina la mtengenezaji) namba 0 inataka tundu la milimita 34.6. Nilimwandikia fundi alumini wa mtaa wa Majengo namba hiyo kwenye karatasi, akaitazama, akacheka, akasema biti yake ni ya 36. Akatoboa. Pete ya nyuma imeishika vizuri tu, nimepaka rangi nyeusi isiyong'aa kuzunguka, na mwanga haupiti.