Mtoto wa miezi minane anamhitaji baba

Mwanangu,

Nimesikia ujumbe wako wa sauti uliotuma ukiwa kwenye foleni ya malori Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Unauliza kuna faida gani kujishughulisha na mtoto wa miezi minane, ilhali unalala nyumbani siku mbili kisha safari inaanza tena, na kwamba kwa sasa yeye ni wa mama yake mpaka ajue kusema.

Hapana, mwanangu. Ni wako tangu sasa.

Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alikuja hapa Uganda, akawa anatembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala kuona jinsi watoto wachanga wanavyofungamana na wazazi. Sehemu ya elimu hiyo inayofundishwa dunia nzima ilichotwa kwetu. Miaka ya 1960 watafiti wengine, kule Glasgow, walifuatilia watoto 60. Kufikia miezi 18, watatu kati ya kila wanne walikuwa wamefungamana na baba zao. Na hili ndilo lako hasa: mtoto hakumshikilia aliyeshinda naye saa nyingi kuliko wote, alimshikilia aliyemwitikia.

Basi siku zako mbili zinatosha kuanzia. Mwogeshe wewe. Mlishe uji wewe, hata akiumwaga. Akisema "ba-ba-ba", mjibu kana kwamba amekuuliza bei ya mafuta, unyamaze, umngoje aseme tena. Mama yake anamsemesha Kisamia. Wewe msemeshe Kiswahili, atazibeba zote mbili. Ukiwa njiani piga simu, asikie sauti yako.

Nimefundisha nasari Busia miaka mingi. Watoto waliozoea kubingirishwa mkekani na baba, kisha wakaambiwa "basi, imetosha", niliwaona wanajua kujizuia wanapocheza na wenzao. Mchezo ule wa baba una kazi yake, usiudharau.

Jambo moja linanitia hofu: baba wa safari kuwa mtu wa kuja kuadhibu tu. "Ngoja baba yako arudi!" Usikubali kupewa kazi hiyo. Pale Atiak unapopita kila safari, kulikuwa na mpango ambapo wanaume wazoefu waliwatembelea akina baba vijana majumbani na kuwaelekeza malezi. Walioshiriki walipunguza kuwachapa watoto, na vipigo kwa wake zao pia vilipungua. Kwa hiyo malezi ya baba hufundishika.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa baba likizo ya siku 4 za kazi mkewe anapojifungua, mama 60. Siku 4 ni chache mno, nami nasema hivyo popote ninapokaa. Lakini usiifanye sheria kipimo chako.

Mkeo akikuambia humbebi vizuri, mwambie akuonyeshe. Usimrudishie mtoto.

Mama yako