Uliza Bibi Shamba: Sakitu imeunguza hopsi za binti yangu, ang'oe?

SWALI

Shikamoo Bibi Shamba. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Binti yangu ni muuguzi Ujerumani, jimbo la Bavaria. Nyumba aliyopanga ina kabustani kadogo, na mzee jirani yake alimpa vipande vitatu vya mizizi ya hopsi, mmea wa kujizungusha kwenye kamba ambao maua yake hutiwa kwenye bia. Akavipanda mwanzoni mwa Aprili kando ya uzio, vikachipua vizuri. Mwisho wa mwezi ukaja usiku mmoja wa baridi kali, asubuhi akakuta ncha zote nyeusi. Alinipigia analia, maana ndicho kitu cha kwanza alichopanda ugenini. Jirani anasema katikati ya Mei baridi itarudi. Nimemshauri afunike kwa nailoni kama tunavyofunika dagaa mvua ikija, ila sina uhakika. Je, ang'oe apande upya? Na akija likizo na mizizi, mimi naweza kupanda huku?
Mama Neema, Kirumba

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Jibu fupi nilikutumia kwa simu jioni ileile, kwa kuwa baridi haisubiri jarida litoke. Hapa naeleza kwa kirefu, kwa ajili yako na wazazi wengine wenye watoto huko.

Kwanza kabisa, asing'oe.

Kilichomuunguzia mimea kinaitwa sakitu, wengine husema jalidi, yaani baridi ya usiku inayogandisha umande na majani kuwa barafu. Sisi wa kando ya ziwa hatuijui, lakini mimi nimeishi nayo nilipokuwa afisa ugani Makete, kule milimani kusini, miaka ya 1990. Alfajiri moja ya Julai nilikuta shamba la viazi mviringo limepauka kama limenyunyiziwa chumvi. Nilichuma jani likakatika kwa mlio, gumu kama karatasi kavu. Kwenye saa nne, jua lilipopanda, majani yaleyale yalikuwa yamelegea, meusi, yanatoa majimaji kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Mwenye shamba alikuwa ameshashika jembe afukue yote. Nikamsihi tufukue shina moja tu tuangalie. Chini, kiazi cha mbegu kilikuwa kizima na macho mapya yameanza kutokeza. Akaliacha shamba, na baada ya majuma mawili matatu likarudi kuwa kijani. Mavuno yalipungua, lakini alivuna.

Hopsi ina nguvu hiyohiyo, tena zaidi. Kila mwaka shina lake lote la juu hufa, mizizi ikalala ardhini msimu mzima wa baridi, kisha ikachipua upya. Huko huko Bavaria kuna eneo la Hallertau, maarufu duniani kwa hopsi, ambako mimea hupanda kwenye nyaya zilizotundikwa kwenye nguzo za kama mita 7. Wakulima wa kule huyakata wenyewe machipukizi ya kwanza, kisha huchagua yale yanayofuata na kuyaongoza kwenye nyaya. Kwa hiyo kupoteza ncha za kwanza si msiba. Tofauti ya binti yako ni kwamba mizizi yake ni michanga, haina akiba kubwa, na kila ikichipua upya inatumia akiba hiyo. Ndiyo maana inafaa ajitahidi baridi isimpige mara ya pili.

Sasa hiyo baridi ya Mei. Wajerumani wana siku za watakatifu wanazozihesabu kuwa za baridi, kuanzia tarehe 11 ya Mtakatifu Mamertus hadi tarehe 15 ya Mtakatifu Sophia, na wakulima wengi wa bustani hawatoi miche ya nyanya nje kabla hazijapita. Jirani yake anasema kweli. Lakini asitegemee kalenda peke yake, kwani sakitu huweza kuja hata baada ya hapo. Aangalie utabiri, na aangalie juu.

Wewe mwenyewe unaweza kumfundisha hili. Ni usiku gani dagaa walioanikwa hulowana sana na umande? Ni ule ambao mbingu haina wingu, nyota zimejaa na upepo umetulia. Ardhi inapoteza joto lake kuelekea juu na hakuna kitu cha kulizuia. Sakitu ni ndugu wa umande, tofauti ni kwamba imeshuka chini ya nyuzi 0. Usiku wa mawingu au wa upepo huwa na nafuu. Tena hewa baridi ni nzito, inatiririka kama maji na kutuama mabondeni, kwa hiyo karibu na udongo kunaweza kuganda hata kama utabiri umesema nyuzi 2 au 3, kwa sababu kipimajoto chao kiko juu, karibu na kimo cha mtu.

Joto la kuokoa mche linatoka kwenye udongo wenyewe. Kaa juu ya jiwe lolote hapa Mwanza saa mbili usiku, utalikuta bado lina joto la mchana. Udongo ni hivyohivyo, na ukiwa na unyevu hutunza joto kuliko ukiwa mkavu. Kwa hiyo siku ambayo baridi inatarajiwa amwagilie udongo asubuhi au mchana, lakini majani ayaache makavu. Jioni, udongo ukiwa bado na joto, afunike. Jua la Mei kule huzama karibu saa tatu usiku, basi hata akitoka zamu anao muda. Ndoo iliyogeuzwa inatosha kwa mche mfupi. Kwa mrefu asimike vijiti vitatu, atandaze shuka au blanketi kuukuu juu yake lifike mpaka chini pande zote, akandamize kingo kwa mawe. Asilifunge kwenye shina kama mtu anayefunga mfuko, maana hapo joto la udongo linabaki nje.

Nailoni yako isiguse majani. Jani lililogusana na nailoni ndilo linaloungua kwanza. Kama hana kitu kingine, aiweke juu ya vijiti, mbali na majani. Na asubuhi hewa ikipata joto afunue, la sivyo mmea utachemka humo ndani.

Wengi wetu hapa tunakosea kwa kuwa tumezoea kinyume chake. Kwenye vitalu vyetu vya nyanya pale Ilemela tunaweka kivuli cha nyasi mchana, jioni tunafunua miche ipate hewa. Yeye afunike usiku, afunue mchana.

Matandazo mazito ya majani makavu nayo yanafaa wakati machipukizi bado yako ardhini. Machipukizi yakishatokeza, asogeze matandazo kando zile siku za hatari, kwa kuwa yanazuia joto la udongo lisipande kuyafikia machipukizi.

Ncha nyeusi aziache siku chache mpaka aone wazi mpaka wa kilichokufa na kilicho hai, ndipo akate kwa mkasi safi. Mbolea ya kukuzia asiikimbilie sasa, maana huleta majani laini ambayo baridi hupenda. Vikichipua upya, aviongoze kwenye kamba kufuata mwendo wa mshale wa saa, ndivyo hopsi inavyojizungusha. Maua asiyategemee sana mwaka huu, mizizi kwanza.

Kuhusu kupanda Kirumba, sikushauri. Hopsi inataka msimu wa baridi ya kulala, halafu siku ndefu za kiangazi. Bavaria mwezi Juni mchana hufikia kama saa 16, sisi hapa karibu na ikweta tuna 12 mwaka mzima. Itabaki fupi na kutoa maua haba. Pia mizizi haiingizwi nchini kwenye sanduku la nguo. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa sababu udongo na mizizi hubeba magonjwa.

Mwambie binti anitumie picha mara machipukizi mapya yatakapotokeza. Nataka sana kuyaona.