Imerudi kwenye ini: mie nimepasuliwa mara mbili

Dada wa Malindi, umeuliza kama mkubali mamako apasuliwe tena, kwa kuwa saratani ya kongosho imerudi kwenye ini na jamaa wanasema aachwe apumzike. Kwanza itafute ripoti ya maabara ya kile kipande walichotoa mara ya kwanza. Imeandikwa uvimbe wa aina gani?

Maana saratani za kongosho si moja. Ile ya kwenye mirija, inayojulikana zaidi, ikishafika kwenye ini kwa kawaida hawakati, hutoa dawa. Yangu ni ya nyuroendokrini, ya seli zinazotoa homoni. Ni adimu, na mara nyingi hukua polepole. Ndiyo aliyokuwa nayo Steve Jobs: alipasuliwa 2004, akafa 2011. Hii hata ikirudi, madoa ya saratani kwenye ini yakiwa machache na ini litakalobaki likatosha, mpasuaji anaweza kukata tena.

Mie wa Lamu. 2015 nilitolewa mkia wa kongosho pamoja na bandama. 2020 skani ikaonyesha madoa mawili kwenye ini, na hospitali moja ikaniambia nende nyumbani, hapana la kufanya. Kakangu hakukubali. Aliomba ripoti na vile vioo vya maabara vyenye sampuli ya uvimbe (ni haki yenu kuviomba), akavipeleka Nairobi kwa mpasuaji wa maini. Nikakatwa. Kurudi kwa basi hadi Mokowe nilikumbatia mto tumboni njia nzima, na kila tuta nalijua.

Sasa ambalo sikuambiwa mapema. Kongosho likikatwa huenda ukapewa vidonge vya kusaidia kusaga chakula, navyo hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Nilipojua niliviweka kabatini mwezi mzima. Choo kikawa cha mafuta, chaelea, nami nikakonda hadi mabuibui yakanipwaya. Shehe wetu akasema ni dharura na badala yake haipo, nimeze. Humezwa na tonge la kwanza, si baada ya kula. Siku ile nilikula samaki wa kupaka mpaka nikaona haya.

Na kama mamako naye hana bandama, ambayo ndiyo husaidia kupigana na vijidudu, muulize daktari chanjo za nimonia na za uti wa mgongo. Homa ikimpata asisubiri asubuhi, wala msiseme ni malaria tu. Mie nishakodi boti saa nane za usiku kwa ajili hiyo.

Ripoti ukiipata, iandike hapa aina ya uvimbe. Jina la mama ulifute.