Jibu: Mama anakuja siku tatu, tufume nini?

Habari dada. Umesema mama yako anakuja kwa siku tatu tu, nyote mnapenda kufuma, na safari iliyopita aliondoka blanketi halijafika hata robo.

Kabla hujanunua uzi, fikiria macho yake. Uzi mweusi au wa bluu iliyokoza huficha vitundu vya kupitishia sindano, na usiku mtu mzima huchoka haraka kuvitafuta. Chukua rangi nyepesi, uzi mnene kiasi na kroshia (sindano yenye ndoano) ya milimita 5 au 6, kazi itakwenda mbio. Kaeni karibu na dirisha.

Blanketi liacheni kwanza. Fanyeni kama mimi na mama yangu: tunafuma vipande vya mraba, kila mtu vyake. Yeye hukaza uzi, mimi nalegeza, kwa hiyo changu kilikuwa kinatoka kikubwa ingawa idadi ya vitundu ni ileile. Nikashuka kwenye kroshia ndogo zaidi, vikalingana. Pimeni kimoja kimoja kabla ya kuendelea.

Mama yako akifumua kazi yako kukuonyesha anavyofuma yeye, mwache! Mimi hapo ndipo ninapofurahi kuliko pote. Na akitaka kupiga soga tu, wekeni uzi pembeni. Vipande utaviunganisha hata akishaondoka.