Maswali ya Wasomaji: Kwenda kijiji cha wakulima Soria, Hispania

Wasomaji kadhaa wametuuliza kuhusu vijiji vidogo vya Hispania vilivyo mbali na bahari, na wengi wametaja mkoa wa Soria, kaskazini mashariki ya Madrid. Tumeushika mkoa huo mmoja ili majibu yawe ya kutumika. Soria ina kilomita za mraba zipatazo 10,300 na watu wapatao 90,000 tu. Karibu nusu yao wanakaa mjini Soria kwenyewe, na waliobaki wametawanyika katika vijiji ambavyo vingi havifikishi wakazi 100. Saa zote hapa chini ni za Kiswahili.

*Nitakuwa Madrid mwezi Julai na sina leseni. Nitafikaje kijijini kwa basi? (Msomaji, Arusha)*

Mpaka mji wa Soria ni rahisi, kama kilomita 230. Basi huondoka kituo cha Avenida de América na huchukua saa mbili na nusu hadi tatu. Treni hutoka Chamartín, nayo ni mwendo wa kama saa tatu, ila safari zake kwa siku ni chache.

Taabu huanzia Soria. Mabasi ya vijijini yamepangwa kumleta mzee mjini asubuhi, aende hospitali au sokoni, kisha yamrudishe kwake mchana. Ratiba hiyo inamfaa anayeishi kijijini, haimfai mgeni anayetaka kushinda huko na kurudi jioni. Njia nyingine ni za kuagiza, wenyewe wanaita *transporte a la demanda*: unapiga simu mapema, kwa kawaida siku moja kabla, unataja kijiji, siku na idadi ya abiria. Basi huingia kijijini pale tu palipo na aliyeagiza. Wageni wengi huiona njia kwenye ratiba, wakasimama kituoni, na basi halitokei kwa sababu hakuna aliyepiga simu. Kama hujui Kihispania, mwombe mwenye nyumba utakayofikia akupigie. Jumamosi na Jumapili usilitegemee basi hata kidogo. Mwombe pia namba ya teksi ya eneo hilo. Mara nyingi ni mtu mmoja na gari moja, kwa hiyo mwagize tangu jana yake.

Ukipata mwenzako anayeendesha, kodini gari Madrid, maana Soria magari ya kukodi ni machache. Leseni ya Tanzania au Kenya iende pamoja na leseni ya kimataifa, nayo huchukuliwa nyumbani kabla ya kusafiri. Jazeni tangi mjini. Magharibi na alfajiri punguzeni mwendo hadi kilomita 70 kwa saa hata pale panaporuhusiwa 90, kwa sababu paa wadogo waitwao *corzo* huruka kutoka mashambani na kuingia barabarani ghafla. Akishapita mmoja, ngojeni, huenda yuko wa pili nyuma yake.

*Dada yangu ameolewa katika kijiji kimoja huko na anataka nikae kwake wiki tatu. Anaambiwa aniandikie barua ya mwaliko. Barua tu inatosha? (Msomaji, Dar es Salaam)*

Haitoshi, tena si barua ya kuandika kwa mkono. *Carta de invitación* ni hati inayotolewa na Polisi wa Taifa, na dada yako ataiomba katika kituo chao, ambacho kwa mkoa huo kiko mjini. Askari wa Guardia Civil anaowaona kijijini hawaitoi. Atatakiwa kuonyesha utambulisho wake, uthibitisho wa nyumba anayokaa, na taarifa zako kama zilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Hati halisi atakutumia uiambatanishe na maombi ya viza. Inathibitisha mahali pa kulala tu. Fedha za kujikimu utazionyesha mwenyewe.

Viza hiyo ni ya Schengen, yaani ya Hispania na nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, nayo huombwa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima ya matibabu iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Mwambie dada yako aanze kushughulikia hati yake miezi mitatu au minne kabla, kwani hiyo ndiyo inayochelewesha wengi.

*Ni mwezi gani mzuri? Tunataka utulivu na kuona kazi za shamba. (Wanandoa, Mombasa)*

Katikati ya Mei hadi katikati ya Juni, bila kusita. Mashamba ya ngano na shayiri, yaliyopandwa Oktoba na Novemba, huwa kijani kibichi, maua mekundu ya mipopi yamechanua kandokando ya njia, na mchana hauchomi. Chukueni sweta nzito: mji wa Soria uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huweza kuuma hata Mei.

Julai ndiyo mavuno. Mashine kubwa za kuvunia hufanya kazi tangu umande unapokauka hadi usiku, na vumbi la makapi hujaa hewani, kwa hiyo mwenye pumu asiende wakati huo. Wakati huohuo hatari ya moto huwa kubwa. Kuwasha moto au jiko la mkaa nje hukatazwa, na adhabu yake ni nzito. Hata kuegesha gari juu ya nyasi kavu kunaweza kuwasha shamba, kwa sababu ya joto la bomba la moshi chini yake. Tena msiegeshe kwenye mlango wa shamba. Mashine hizo ni pana kuliko njia yenyewe, na mwenye shamba akikosa pa kupita, saa yake ya mavuno imepotea.

Agosti epukeni, kama kweli mnataka utulivu. Watoto na wajukuu waliohamia Madrid, Zaragoza na Barcelona hurudi, na kijiji cha watu 30 hujikuta na 200. Sikukuu nyingi za vijiji huangukia tarehe 15 na 16, siku za Bikira Maria Kupalizwa na Mtakatifu Roque, na muziki uwanjani hupigwa mpaka alfajiri. Hata hivyo ndio wakati pekee mtakapokiona kijiji kikiwa na watoto wanaokimbia barabarani, na hilo tunalithamini sana.

Kuanzia Oktoba hadi Februari kuna uwindaji wa nguruwe pori, hasa mwisho wa wiki. Mkiona kibao kilichoandikwa *batida* njiani, rudini mlikotoka, hata kama hamsikii risasi.

*Sisi ni Waislamu. Tutakula nini? (Mama wa watoto wawili, Zanzibar)*

Mama, hili ni la kujipanga vizuri, kwa sababu nguruwe yumo hata pale jina la chakula halimtaji. Sifa ya Soria ni *torreznos*, nyama ya tumbo la nguruwe iliyokaangwa pamoja na ngozi na mafuta yake. Dengu hupikwa na soseji ya chorizo, supu ya kitunguu saumu hutiwa vipande vya jamón (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi), maharagwe ya kijani vilevile, na biskuti nyingi hukandwa kwa *manteca*, yaani shahamu ya nguruwe. Ukisema huli nyama tu, huenda ukaletewa mboga zenye jamón, kwa kuwa kwa watu wengi huko jamón ni kiungo, hawaihesabu kuwa nyama. Taja kimoja kimoja: *sin cerdo, sin jamón, sin chorizo, sin tocino, sin manteca*, yaani bila nguruwe, bila jamón, bila chorizo, bila mafuta ya nguruwe ya vipande, bila shahamu yake. Halafu uliza pia kama kimekaangwa kwa mafuta ya zeituni.

Cha kuagiza bila wasiwasi mwingi ni *tortilla de patatas*, mayai na viazi, ambayo mla chipsi mayai ataitambua mara moja. Kuna samaki wa mtoni *trucha*, lakini hakikisha hawajamjaza jamón. Kuna *bacalao*, samaki wa chumvi kama ng'onda wetu, anayelowekwa siku mbili kwa kubadilisha maji ndipo apikwe. Jibini ya kondoo ni nzuri mno, na siagi ya Soria hutokana na maziwa ya ng'ombe. Mwanakondoo wa kuokwa ni fahari ya eneo hilo, ila hakuchinjwa kihalali. Nyama ya halali tafuteni Madrid, mwibebe ikiwa imegandishwa kwenye kisanduku cha baridi. Msiibebe kutoka nyumbani, wala maziwa: forodha za Umoja wa Ulaya huzuia vyote viwili.

Tunashauri mkodi *casa rural*, yaani nyumba ya wageni ya kijijini, nzima na yenye jiko. Kwa watu wanne siku tatu, nunueni mjini mchele kilo 1, viazi kilo 3, vitunguu kilo 1, mayai 18, mafuta ya zeituni nusu lita, maziwa lita 4 na matunda. Binzari na iliki njooni nazo. Mkate msinunue, kwani mwuza mkate hupita na gari lake, hupiga honi uwanjani, na baada ya dakika kumi ameshaondoka. Muulizeni jirani anakuja saa ngapi na siku gani hapiti. Mwuza samaki na mwuza matunda nao wana siku zao. Wekeni noti ndogo na sarafu, kwa sababu mashine ya kutolea fedha kijijini hakuna.

Na saa: chakula cha mchana ni saa nane hadi saa tisa na nusu, cha usiku huanza saa tatu. Katikati ya hapo majiko ya mikahawa yamefungwa. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa nne kasorobo usiku, hivyo Magharibi na Isha zitawakuta watoto wameshachoka.

*Watu wa huko wanawapokeaje wageni weusi? Nisalimie vipi? (Mwanafunzi Mkenya, Barcelona)*

Utatazamwa, na kila mgeni hutazamwa, kwa kuwa kila sura pale inajulikana. Anza wewe. Barcelona unapita watu kimya, lakini kijijini kumpita mtu bila salamu ni utovu wa adabu. *Buenos días* mpaka chakula cha mchana, *buenas tardes* baada yake, au *buenas* peke yake wakati wowote. Wazee watakuuliza *¿De quién eres?*, yaani wewe ni wa nani, kama bibi yeyote wa kwetu anavyomuuliza mtoto asiyemjua. Wanataka kujua ukoo wako ili wakuweke mahali pake. Jibu kwa kutaja nchi yako na nyumba uliyofikia, na mazungumzo yatafunguka.

Kisha nenda baa, hata kama hunywi pombe. Mahali pengine huitwa *teleclub*, jina lililobaki tangu miaka ya 1960, serikali ilipofungua vyumba vya kutazamia televisheni kwa pamoja. Agiza kahawa ukae. Hapo ndipo utajua nani ana ufunguo wa kanisa, kwa maana makanisa mengi ya kale ya Soria hufungwa na jirani mmoja ndiye hufungua. Akikufungulia, weka sarafu kwenye kisanduku cha sadaka. Usimwombe kati ya saa nane na saa kumi na moja, wakati wa kupumzika.

Mashambani, lango ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Ukikuta kundi la kondoo na mbwa wakubwa aina ya *mastín*, usipite katikati wala usikimbie. Mbwa hao wamezaliwa na kulelewa zizini, na kazi yao ni kumzuia yeyote anayewakaribia kondoo. Simama, msalimie mchungaji kwa mbali, kisha zunguka kwa upana.

*Naweza kuokota uyoga? (Msomaji, Kigali)*

Katika misitu mingi ya Soria unahitaji kibali cha kulipia, kinachopatikana kupitia mfumo uitwao Micocyl. Beba kisu na kikapu cha matete, usitumie mfuko wa plastiki, kwa sababu uyoga huoza ndani yake na mbegu zake hazidondoki msituni. Usichokijua kwa yakini usikile.

*Mtu akiugua usiku? (Msomaji, Mwanza)*

Piga 112. Chumba cha daktari kijijini hufunguliwa siku chache tu, pengine moja kwa wiki, na duka la dawa liko kijiji kikubwa cha jirani. Dawa zako za kila siku beba za kutosha safari nzima, pamoja na cheti cha daktari. Hifadhi pia jina kamili la kijiji na la manispaa yake kwenye simu, maana majina hufanana na opereta atayauliza yote mawili.